Bi Mizani na Mtungi Uliozunguka Mtaa

Wifi yangu tunamwita Bi Mizani, na jina kalitafuta mwenyewe. Kazi yake ni kuingia majikoni mwa watu na mizani ya kuning'iniza: anapima mkaa asubuhi, jioni anapima uliobaki. Ofisi yake ya utafiti inakokotoa gesijoto inayopaa angani, na kwa hesabu hizo wizara inaamua mtaa upi ugawiwe majiko banifu, yale yasiyo na moshi mwingi. Uamuzi wa mtaa wetu ulikuwa utolewe Ijumaa. Mama mkwe alikuwa hamalizi sentensi kwa kukohoa moshi wa jiko langu, kwa hiyo mimi nilisubiri kuliko wote.

Jumatano akaja kakunja uso.

"Wifi, takwimu zangu zinasema mkaa mmeuacha. Kila nyumba nakuta mtungi wa gesi. Ofisini wanasema majiko yapelekwe kwingine."

Mungu wangu! Siku aliyokuja kupima kwangu, mkaa niliusukumia uvunguni, na kikohozi cha mama mkwe nikasema ni mafua. Hata akiwa wifi, siku hiyo ni mgeni wa ofisi na daftari lake; akukute umejaa masizi hadi puani? Thubutu! Na si mimi peke yangu. Gesi yenyewe ilikuwa ya mtungi mmoja, tukiubingirisha uani kwa uani, nyumba moja mbele ya wifi.

Nikamwambia yote. Akafoka: "Kumbe! Ndiyo maana kila mtungi ulikuwa na kibonyeo ubavuni! Mnamuua mama yangu kwa maringo?"

Nililia, sioni haya kusema.

"Mficha uchi hazai," mama mkwe akasema kutoka chumbani, akakohoa.

"Kesho nawaambia hesabu zangu hazifai," wifi akasema. "Nimezisaini mwenyewe."

"Watakufukuza!"

"Wanifukuze. Lakini siendi mikono mitupu."

Basi Alhamisi asubuhi tukamwongoza nyuma ya nyumba zetu, kwenye jivu tulilokuwa tunalimwaga kwa siri. Akalipima lote, chungu kwa chungu, majirani wakicheka kwa aibu. Mchana akaingia ofisini na gunia la jivu hilo, akalitua juu ya meza ya mkuu wake, vumbi likamvaa mzee wa watu mpaka kwenye nyusi.

"Hiyo ndiyo gesi ya mtaa wetu," akamwambia.

Mkuu alipiga chafya, kisha akacheka. Uamuzi ukaahirishwa, tukapimwa upya. Safari hii fundi cherehani wa jirani akataka kuongeza mkaa ili tuonekane mafukara zaidi. Bi Mizani alimfokea mpaka akaurudisha kwenye gunia.

Majiko yalikuja. Mama mkwe sasa anashinda jikoni kwangu, chumvi imezidi, moto mkali, kitunguu umekikata vibaya, na anasema yote kwa pumzi moja bila kukohoa. Mimi namjibu, "Ndiyo, mama," na nacheka peke yangu.