Dada Yangu wa Saruji

Harufu ya saruji mbichi, ile inayopanda pale mchanganyiko unapomwagiwa maji na jua limekwisha kuwa kali, hunisimamisha njiani hadi leo. Wengine huwakumbusha nyumba mpya. Mimi hunirudisha kwa dada yangu Kadzo, amesimama kivulini mwa mlangilangi, mkono ameuinua kama anayekinga jua, na baba anamzunguka na mwiko wake taratibu kama mtu anayetafuta mlango.

Tulikaa kijiji cha Ganda. Baba alikuwa fundi wa saruji: mitungi ya maua, nguzo za baraza, makaburi ya wenye uwezo. Jirani yetu Bi Zuhura, mwalimu mstaafu, alikuwa amelifanya shamba la marehemu mumewe kuwa bustani ya mimea, yenye asumini, mikadi, mirehani na miti ya dawa ambayo watu walikuwa wameanza kuisahau. Siku moja akamwambia baba anataka sanamu humo katikati ya majani, ili mtu akipinda kona akutane na kitu cha kumsimamisha. Baba akasema ataanza na sanamu ya mtu. Akamchagua Kadzo.

Tulikuwa watoto wawili tu, yeye mkubwa kidogo, na pua tulikuwa nazo sote. Nilijitazama kwenye kioo cha mama nikitafuta kilichopungua. Nyanya alipinga jambo lile kabisa. "Mtu hai hachongewi sanamu," alisema. "Hayo ni ya waliotangulia." Nilimuunga mkono kwa moyo wangu wote, ingawa si kwa sababu zake.

Kazi yangu ikawa kuchota maji na kukoroga saruji kwenye karai. Kazi ya Kadzo ilikuwa kusimama. "Inua kidevu, mwanangu," baba alimwambia, kwa sauti ambayo niliapa hajawahi kuitumia kwangu. Alisuka mifupa ya waya, akaivika nyama ya saruji kidogo kidogo, hata siku moja uso wa dada yangu ukanitazama kutoka katika kitu nilichokikoroga mwenyewe. Nyanya alikuwa akisema wivu ni moto wa pumba: hauna ndimi, lakini ukanyage uone.

Siku ya kufungua bustani kulikuwa na kahawa na halwa. Kadzo alikuwa ameshonewa gauni la manjano, na watu walimpanga kando ya sanamu wakampiga picha. Nami nikajisogeza, nikainua mkono vilevile. Mwanamke mmoja, mpole kabisa, akaniambia, "Mtoto mzuri, sogea kidogo, unaziba."

Nilisogea. Nilisogea mpaka nyuma ya mikadi, nikalia huko huku miiba ikinichoma miguu.

Baba alinikuta hapo.

"Na mimi utanitengeneza lini?" nikamuuliza.

Akachuchumaa. "Wewe nitakuona kila siku, Sidi."

"Na Kadzo je?"

Alinifuta uso kwa kiganja chake kinachokwaruza, akaondoka. Maneno yale niliyachukua kama tusi. Kitu cha kila siku ni ugali. Nani aliwahi kuusifu?

Shule zilipofungwa, shangazi, dada yake baba, akaja kutoka Mtwapa. Hakujaliwa mtoto, na wazee walikuwa wamekwisha kukubaliana, tangu kabla ya sanamu na bila sisi kujua, kwamba Kadzo akalelewe kwake na asome huko. Alipoondoka nililia kama kila mtu, lakini ndani yangu nilijiambia kwamba sasa baba ni wangu. Kumbe. Kila Ijumaa akimaliza kazi alikwenda bustanini na kitambaa, akamfuta yule wa saruji kinyesi cha ndege kichwani. Nikawa naionea wivu hata sanamu. Baadaye alitengeneza kasa, kaa, korongo. Mtu hakutengeneza tena.

Baba alipofariki, Kadzo alibaki nasi siku chache baada ya matanga. Tukaenda bustanini, sisi wawili, watu wazima wenye watoto wetu. Sanamu ilikuwa imeota ukungu shingoni. Nikamsimulia, nikicheka, jinsi ilivyonitesa. Yeye hakucheka.

"Baba alianza lini kuvaa miwani?" akaniuliza.

Nikafikiri. Sikujua. Alianza tu.

"Mimi najua," alisema. "Nilikuja Krismasi nikamkuta nayo. Nikaingia jikoni nikalia, mama akadhani ni moshi. Kila likizo nilimkuta baba amebadilika kitu, na wewe umeshakizoea hata hukioni. Nilikuonea wivu, Sidi, mpaka ikafika wakati nikawa sitaki kuja."

Miaka yote ile nilikuwa nimejiona mwenye njaa, kumbe nimekaa chunguni, na aliyekuwa akinitazama kwa mbali ni yule niliyedhani amepewa vyote.

Tuliketi kwenye ukuta mfupi wa bustani.

"Nisimulie," Kadzo akasema.

"Nikusimulie nini?"

"Chochote. Siku ya kawaida tu."

Basi nikaanza na chai, jinsi baba alivyokuwa akiipuliza hata ikiwa imepoa. Na kila niliponyamaza nikidhani yametosha, dada yangu alisema, "Enhe."