Isale la Ukingoni mwa Ziwa Chala

Wanaonijua watasema hii ni chai. Sawa, ni mimi niliyewahi kumwambia mwalimu wa zamu kwamba simba ameonekana Shirimatunda. Lakini hii ilitokea, tena mchana, na kaka yangu Pasko yuko hai hapo ndani anakula ndizi. Kamuulize.

Likizo ya Juni tulitoka Kiboriloni kwenda kutembea: tuone maporomoko ya Marangu, tulale kwa shangazi Rombo, kesho yake tushuke Ziwa Chala. Pasko alikuwa amepata kazi ya kubeba mizigo ya watalii mlimani, basi akawa anauangalia mlima kama wake. Kumbe kona za Marangu hazijui cheo. Alitapika dirishani mpaka dereva akamwonea huruma. Mimi nikarekodi, nikaweka status: "Mpanda mlima wa kimataifa akishindwa na lami." Unadhani nani alicheka wa kwanza? Bosi wake mpya.

Pasko hakunipiga. Ingekuwa nafuu. Hata machalari ya shangazi, zile ndizi za nyama, aliyala amenipa mgongo, na Chala tulifika kama watu wasiojuana.

Kama hujafika, lile ziwa limekaa ndani ya shimo la volkano. Kuta zimesimama wima, maji yako chini kabisa. Tukiwa ukingoni, ukungu ukashuka. Pasko akasema nisimfuate, akaondoka. Hatua chache tu, simwoni tena. Nikamwita. Nikamwita tena, nikasikia nyayo zake zinaongeza mwendo.

Ndipo nikamwona bibi. Amekaa juu ya jiwe nililokuwa nimetoka kulipita, na wakati napita halikuwa na mtu. Manyunyu yalikuwa yameniloanisha mpaka soksi, lakini kanga yake, niamini, ilikuwa kavu kama imeanuliwa sasa hivi. Nikatoa shikamoo, maana hata mzimu ni mkubwa wako.

"Marahaba. Acha kumwita, unamsukuma," akasema. "Kule anakokwenda hakuna njia."

Akanipa isale, jani refu la kijani pamoja na kipande cha shina lake, limekatwa muda huohuo, bado linatoa maji. Sasa wewe niambie: masale yanaota huko juu, kwenye mipaka ya vihamba, mashamba yetu ya migomba. Pale Chala ni miiba na nyasi kavu. Alilikata wapi? Sikuuliza. Kwetu Uchaggani, ukimpelekea mtu isale unamwomba msamaha, na hata kama umemchomea nyumba, hawezi kukugeuzia mgongo.

Nikakimbia alikoonyesha bibi. Pasko alikuwa anatembea upesi, kichwa chini. Utani ulikuwa umeshanifika mdomoni, mzuri kweli, nikaumeza. Nikapitisha isale juu ya bega lake mpaka mbele ya macho.

"Kaka, nisamehe."

Akasimama. Akaliangalia lile jani, akageuka polepole anitazame, na jiwe likachomoka chini ya kisigino chake. Tulisubiri kulisikia likigusa maji. Tulisubiri sana.

Upepo ulipofungua ukungu, nyuma ya Pasko hapakuwa na ardhi.

Tulirudi kumshukuru bibi, tumeshikana mikono kama watoto wa chekechea. Hakuwepo. Jiwe lilikuwa limelowa lote, isipokuwa pale alipokalia. Wachunga mbuzi wakasema bibi wa hivyo hawamjui. Tuliporudi kwa shangazi, alilishika isale, akalinusa.

"Usimtafute aliyekupa," akaniambia. "Lipande."

Nililipanda nyumbani, nyuma ya jiko. Limeshanipita urefu, na jua la Moshi halijawahi kulinyausha hata jani moja. Pasko alianza kazi, sasa anapanda kuliko wote, ila magari bado yanamtapisha, na sirekodi. Bibi, kama unasoma, ingawa sidhani huko kuna bando: asante. Umeniachia kaka.

Na wewe unayecheka, cheka tu. Ila mtu akikupa isale, lipeleke kwanza. Kicheko kitakusubiri; ukingo hausubiri.