Wazee Kumi na Mmoja na Matofali Yangu

Walioyeyusha nyumba yangu ni wawili. Wa kwanza ni jirani yangu, fundi cherehani kutoka Bukavu. Wa pili ni mwenyekiti wetu wa wakimbizi pale kambi ya Dzaleka, Malawi, mwalimu, mtu wa Kifaransa kingi. Majina yao ninayo. Wakisoma hapa watajijua. Mvua siilaumu, mvua ilifanya kazi yake.

Miaka ile kambi ikiwa bado changa, baraza la kuamua kesi lilikuwa na wazee watatu tu: mmoja wa kwetu Kindu, mmoja Mrundi, mmoja Mnyarwanda. Walikaa benchi moja, wakasikiliza, wakaulizana masikioni, wakakata. Niliona kesi ya mbuzi aliyekula mahindi ya watu ikiisha mbuzi mwenyewe bado anacheua. Shule niliiacha darasa la pili, lakini hilo halihitaji shule.

Kisha ikaja kesi yangu. Nilikuwa nimefyatua matofali mabichi ya nyumba kwa mikono yangu, mimi mjane, watoto wanalala chini ya shitingi, ile plastiki ya msaada. Nilitaka kuta zisimame kabla ya mvua. Fundi akadai udongo nimechimba upande wake. Uongo mtupu. Hata sijafungua kinywa, akasimama:

"Bazee, mu hii baraza mutu wa Bukavu iko wapi? Huyu mama atahukumiwa na ndugu yake?"

Mwenyekiti akaongeza mtu wa Bukavu. Wakawa wanne, wakagawanyika wawili kwa wawili. Akaongeza mchungaji. Waislamu tukauliza, na shehe je? Kina mama wakataka wao, vijana wakataka wao. Mwenyekiti hakumkatalia mtu, maana uchaguzi wake ulikuwa karibu. Walipofika kumi na mmoja akatoa sheria mbili: neno halikatwi mpaka wote wawepo, na kitu cha kesi hakiguswi.

"Hata kuyafunika kwa nyasi?" nikauliza.

"Mama, kufunika njo kugusa, ni kitu kimoja."

Basi leo mchungaji yuko mazishini, wiki nyingine kijana ana malaria. Siku wakikaribia kutimia, kila mmoja lazima aseme, na kila alichosema kitafsiriwe, jua linazama hawajanifikia. Wale watatu waliulizana maswali. Hawa kumi na mmoja walihutubia.

Mawingu yalipoanza kujikusanya, aliyekosekana alikuwa mmoja tu, na ni yule mzee wetu wa Kindu. Nikapanda matola, pikapu ya abiria, mpaka Lilongwe. Nikamkuta soko la Tsoka, katikati ya rundo la kaunjika, mitumba yake, anaita wateja.

"Baba, wenzako bako wanakungojea."

"Wangapi?"

"Kumi."

"Kumi! Na bado wanataka miye? Mama, tulipokuwa batatu niliacha biashara nikakimbia, maana nisipofika kesi inakufa. Sasa hata nikilala, nani ataona?"

"Mi nitaona. Hebu angalia juu."

Akaangalia. Haraka akatandaza plastiki juu ya suruali zake.

"Aa, kumbe we unaruhusiwa kufunika?"

"Mama, una ulimi!"

"Na we una nguo kavu."

Akacheka. Kesho yake alikuja. Lakini mvua ilikuwa imemtangulia.

Wakatimia kumi na mmoja, wakaongea toka asubuhi, na wote wakakubaliana kwamba matofali ni yangu. Mwenyekiti akanipa mkono.

"Félicitations, mama. Umeshinda kwa sauti zote."

"Asante. Twende basi ukanikabidhi."

Hakuja. Alikumbuka ana mkutano.

Watu wananiuliza, si wengi wanaona zaidi kuliko wachache? Nasema hapana. Wengi wanaachiana. Nipe watatu wanaojua kwamba asipofika mmoja, mtu atalala nje, hao watafika.

Nilienda na jembe peke yangu. Palikuwa na tope, na juu yake kingo chache za matofali, laini kama nsima, ugali wa Malawi. Fundi alikuwa mlangoni kwake, chini ya bati. Akasema, "Pole, jirani." Nikatia jembe begani nikarudi. Msimu wa mvua tofali halikauki, na watoto wangu walilala chini ya plastiki mpaka msimu ukaisha.