Dokta wa Dawa

Siku ya kwanza kazini nilipewa glovu. Mimi Nkwimba binti Masanja, mikono hii imekamua ng'ombe na kuchuma pamba tangu utotoni, leo nivalishwe glovu ili nishike chupa ya maji ya lambo! Nikacheka. Dokta Neema hakucheka.

"Bibi," akasema, "mafuta uliyojipaka asubuhi yakigusa chupa, maabara itasoma mafuta yako, haitasoma lambo."

Ndivyo nilivyoanza. Ninyi wajukuu mnaniuliza ilikuwaje bibi aliyeishia darasa la tatu akatembea na watu wa chuo kikuu. Kazi yangu ilikuwa kuongoza njia na kugeuza maneno: wao Kiswahili, mimi Kisukuma, hasa kwa wazee na akina mama. Lakini mengine niliyashika. Chupa iwe ya kioo cha kahawia, maana jua huharibu kinachotafutwa. Maji kidogo yanayochotwa yanaitwa sampuli. Tope la chini ya lambo huchotwa kwa kijiko cha chuma, si cha plastiki, likafungwa kwenye foili na kulazwa kwenye barafu hadi maabara. Na kinachotafutwa chenyewe ni mabaki, yaani kile kinachobaki kwenye maji na udongo baada ya mkulima kupulizia pamba yake na kusahau.

Wakati ule Neema hakuwa dokta bado. Alikuwa mtoto wa Moshi anayesomea shahada ya uzamivu, ile ya juu kabisa, ambayo mtu akiimaliza anaitwa daktari hata kama hajawahi kumchoma mtu sindano. Mwenyekiti wetu wa kitongoji pale Ngulyati, mzee Maduhu, alipotutangaza mkutanoni hakuingia huko kote. Alisimama akasema, "Kuna dokta atapita majumbani kwenu kuuliza habari za bugota."

Bugota ni dawa. Ya homa ni bugota, ya viwavi vya pamba nayo ni bugota. Hata kwa Kiswahili, nani shambani anasema kiuatilifu? Ni dawa ya pamba, basi.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Minza, mke wa Shija. Tulimkuta amekaa mlangoni, binti yake Limi amelala mapajani. Tukasalimiana, mwadila, mwadila. Neema akaniambia, "Muulize dawa wanaiweka wapi."

Nikamuuliza. Minza akainuka upesi, kama mtu aliyekuwa analisubiri swali hilo tangu alfajiri. Akamlaza mtoto kwenye mkeka, akaingia ndani, akatoka na chupa ya soda iliyozibwa kwa kitambaa. Ndani mna kitu cheupe kama maziwa.

"Ni hii, mayu. Nimempaka mtoto kichwani asubuhi, chawa wamemzidi. Sasa mwambie dokta amtazame. Tangu nimpake analala tu, na udenda haukatiki. Nilitaka kumpeleka zahanati, lakini nikasikia dokta wa bugota anakuja leo. Nikaona nimngoje mwenyewe."

Nikaanza kugeuza maneno. "Anasema dawa hii... kampaka... kichwani."

"Kichwani kwa nani?"

Nikaonyesha mkekani.

Sijasahau uso wa yule msichana. Kalamu ilimtoka mkononi. "Maji! Sabuni! Bibi, vaa glovu, mvue nguo zote!" Tukamwosha Limi pale uani, nywele zinanuka kama shamba lililopuliziwa sasa hivi. Alikuwa anatetemeka, macho yako wazi nusu, na mboni zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano. Jirani yao Mbuke akaja mbio.

"Mnamvulia mtoto nguo kwenye upepo? Dokta gani huyu anaogopa mgonjwa hadi avae glovu?"

"Mchome sindano!" Minza akamshika Neema mkono. "Si wewe dokta? Mchome!"

Neema akanigeukia, machozi yanamlenga. "Bibi, mwambie mimi si dokta wa watu."

Nikamwambia. Minza akanikodolea macho. "Ni dokta wa nini sasa?"

"Wa maji," nikasema. Nilitamani ardhi inimeze.

Dereva wetu, Kulwa, alimwaga sampuli zote za asubuhi na barafu yake ili mama na mtoto wapate nafasi nyuma. Tukaenda Bariadi mjini, hospitali, chupa ya soda mkononi mwa Neema ili waganga waione. Limi alichomwa sindano na kuwekewa mrija wa hewa. Alipona. Leo anasoma sekondari, lakini siku ile nilimshika mkono nikijua ninamuaga.

Profesa aliyemsimamia Neema alipopata habari alifoka kwa simu. "Utafiti wako ni wa maji, usihame!"

"Maji yatangoja, Profesa," Neema akajibu, akakata. Kisha akaniambia, "Kuanzia leo, bibi, usiseme bugota. Sema sumu."

Tukajaribu. Mzee Maduhu akawaka. "Sumu? Mnatuita wachawi? Hapa hakuna mwenye sumu!" Na kila mlango tuliobisha tukajibiwa vilevile: hatuna sumu, tuna dawa tu.

Baadaye nilifanya kazi na Dokta Baraka pale Nyalikungu, kisha na Dokta Salma kule Mkula. Kila mahali nilishtuka upya. Mmoja ameweka dawa juu ya magunia ya mahindi, mwingine amesuuza kidumu chake akatilia maji ya kunywa. Neno lenyewe lilikuwa limewatuliza.

Sasa nimestaafu, magoti yamekataa. Msimu uliopita nilikwenda dukani kwa Doto kununua mkate, nikakumbuka na ile ya kupulizia pamba. "Nipe na sumu ya pamba," nikasema.

"Bibi," Doto akasema polepole, "umegombana na nani?" Waliokuwa nyuma yangu wakarudi hatua. Kikongwe akitaja sumu huku kwetu, mnajua anavyotazamwa. Doto akampigia simu mwanangu Masunga, naye akaja mbio na pikipiki, ananiombea radhi kabla hajashuka.

"Samahani, Doto. Mama alimaanisha dawa."

"Aa, dawa!" Doto akacheka, akashusha chupa kwenye rafu, akaitumbukiza kwenye mfuko wangu, juu ya mkate wenu.