Ng'washi na Shamba la Kwenye Runinga

Ng'washi hakuwa mtu wa kukaa. Kule Kasoli watu walizoea kumwona njiani: asubuhi shambani, mchana kisimani, jioni anafukuzana na ndama aliyeingia kwenye pamba ya jirani. Mumewe alipofariki, wengi walidhani atauza maksai waliobaki. Hakuuza. Alishika plau mwenyewe akalima, na wanaume waliomcheka mwishowe wakachoka kucheka.

Mwaka huu, alipokuwa akiwazoesha maksai nira kabla ya mvua, mmoja alishtuka akamburuza. Mkono wa kulia ukavunjika juu kidogo ya kifundo. Alipelekwa hospitali Bariadi, akafungwa plasta, na mdogo wake Marcelo, mwenye kibanda cha gemu karibu na soko, akamchukua akae kwake mpaka apone.

Plasta ilipotolewa, vidole vilikuwa vigumu kama vijiti. Muuguzi akamwambia avifanyishe mazoezi, hata kwa kuchezea kitu chochote. Ng'washi alikunja na kukunjua mpaka nyumba ikamchoka. Alifagia uwanja uliokwisha kufagiliwa. Alisuuza vyombo visafi. Kila mara alitoka nje kutazama mawingu, akarudi ndani akisonya.

"Dada," Marcelo akamwambia, "twende kibandani ukashike pedi."

"Pedi gani tena, wewe?" Ng'washi alishtuka.

"Ya kuchezea gemu! Vidole vitafanya kazi, na wewe utatulia."

"Mtu mzima kama mimi, nikakae na vijana kuminyaminya vitufe?"

Lakini alikuwa ameshavaa kandambili.

Kibandani alimkuta Mihayo, dereva wa bodaboda ambaye akikosa abiria hujibanza hapo. Mihayo aliinuka haraka, akampisha benchi na kumwamkia kwa Kisukuma kama mama yake. "Mwadila, mayu. Kaa hapa, nitakuelekeza."

Walianza na mpira. Ng'washi hakujua yupi ni wake kati ya wale wote waliokuwa wakikimbia, na alipompata, mpira ulikuwa umeshakwenda kwingine. Wakahamia gemu la ngumi. Mwanamke mwenye misuli alisimama mbele yake akirukaruka.

"Mpige, mayu!" Mihayo akapiga kelele. "Atakumaliza!"

"Kanikosea nini?"

"Hajakukosea. Ndiyo gemu."

"Basi mimi siwezi kumpiga mtu asiyenikosea." Akaweka pedi mapajani, akamwangalia mtu wake akipigwa mpaka akaanguka.

Magari aliyapenda kidogo. Angalau yalikwenda. Alipita pembeni, akagonga uzio, akacheka peke yake, akapita tena. Halafu akaona bango alilokwisha kuliona, na daraja alilokwisha kulivuka.

"Mihayo, hapa si ndipo tulipoanzia?"

"Ndipo, mayu. Tunazunguka."

"Haraka yote ile, tunazunguka tu?"

Ndipo Marcelo akatafuta gemu la shamba, ambalo wateja wake walikuwa hawaliulizi. Trekta likatokea kwenye uwanda mpana kama wa kutoka Kasoli mpaka Sapiwi. Ng'washi akasogea ukingoni mwa benchi. Akalima mstari, akageuza, akalima mwingine. Vidole vilikuwa vikijikunja bila yeye kuvifikiria. Kuanzia hapo akawa anafika kibandani kabla Marcelo hajafungua mlango vizuri, na kazi yake ikawa ni kulima.

Marcelo alifurahi akidhani dada yake ametulia. Wapi! Kadiri alivyolima ndivyo moyo ulivyozidi kumchemka. Trekta lile halikukwama, wala udongo haukunuka. Ng'ombe walisimama tu kwenye nyasi; aliwaita kwa sauti, vijana wakacheka, ng'ombe hawakugeuza hata sikio. Usiku alilala akiona mistari iliyonyooka ya shamba lisilo na mwenyewe, huku lake likiota magugu.

Alasiri moja mvua ilishuka juu ya bati kwa kishindo, watu wakawa wanaongea kwa kupaza sauti. Ng'washi alikuwa katikati ya mstari. Akaacha kila kitu, akampigia simu binti yake Gloria kule Kasoli.

"Hata huku imenyesha, mama. Kwa kina Bundala wanasema kesho wanaingia shambani. Sisi tunamsubiri nani?"

Mvua ilipokatika alikuwa ameshapakia kifurushi kwenye pikipiki ya Mihayo. Marcelo alimfuata barabarani.

"Dada, umekatazwa kushika kitu kizito!"

"Nimesema nitashika?"

Asubuhi akashika. Mstari wa kwanza ulikwenda. Kwenye kugeuza, kifundo kikamchoma kama amepigwa kisu, plau ikalala ubavu. Akainua, akajaribu tena, ikalala tena. Maksai wakasimama wakimngoja. Machozi yalimlenga, na hakutaka Gloria ayaone.

"Nipe mimi, mama."

Miaka yote Ng'washi alikuwa amemkatalia. Alitaka mtoto wake ajue kazi nyingine yoyote, si hii ya kuburuzwa na ng'ombe. Alitazama mkono wake, akatazama mawingu yaliyokuwa yakijikusanya upande wa Migato. Akatoka kwenye mipini, akaenda mbele, akashika kamba kwa mkono wa kushoto.

Gloria alilima mstari uliopinda kama njia ya nyoka. Ng'washi kila baada ya hatua aligeuka nyuma. "Kandamiza! Usiifuate, iongoze!"

"Mama, tazama mbele! Ukigeuka, ng'ombe wanageuka na wewe!"

Alikuwa anasema kweli. Ng'washi akatazama mbele, ingawa shingo ilimuuma kwa kujizuia. Walilima mpaka maksai wakachoka, wakapumzika, wakalima tena.

Jioni Gloria aliketi karibu na moto, amevimba viganja, anacheka na maumivu. Mama yake hakuketi. Alikuwa shambani bado, anapita juu ya mistari ile iliyopinda, anavunja mabonge kwa kisigino, anatafuta sehemu zilizorukwa.

"Pale kwenye kichuguu umeruka," alipaza sauti. "Kesho tunaanzia pale."