Kilo Moja ya Gunia

Karani wa kituo cha majani chai pale Boito ana vidole vyeusi kwa utomvu, na kabla ya kufungua katalogi zake za minada ya sarafu huvisugua kwa ndimu. Sarafu zake za kale zinatosha kopo moja la kakao. Katalogi, za minada iliyokwisha zamani, zimejaza chumba. Kazini hapendelei mtu. Kila mzigo wa majani huukata kilo moja ya uzito wa gunia, hata wa mkewe, Janeffer.

Juzi Janeffer alimwambia, "Baba Chebet, mama anatoka hospitali Jumatatu, atalala chumba hicho. Sarafu weka. Lakini hizi katalogi ni za nini, na mnada uliisha?" Karani alibeba vyote, kopo na katalogi, hadi kituoni, akatundika katalogi kwenye mizani: kilo arobaini na mbili, toa moja ya gunia, arobaini na moja. Akatundika kopo. Halikufika kilo. Akatoa moja ya gunia vilevile, akaandika sufuri. Jioni alirudisha vyote nyumbani, akamkabidhi mkewe lile kopo kwa mikono miwili.

"La kutupa ni hili," alisema.

Janeffer alilipokea, akaenda kumtandikia mamake godoro juu ya katalogi.