Zainabu Salum ni wangapi? Kompyuta ilisema mmoja, nikabisha

Wakuu, salaam. Hili limenikuta mwenyewe huku Temeke, sijaongeza chumvi. Wabishi karibuni, hata mie ni wa kundi hilo.

Zahanati ya mtaani kwetu ilijengwa na wananchi kwa kujitolea, enzi za Ujamaa. Wengi walikuwa wametoka kusini. Sasa kamati ikaamua majina yao yachongwe kwenye ubao wa mninga, utundikwe mlangoni. Ukishachongwa, huongezi mtu.

Mahudhurio ya siku zile yalikuwepo, yameandikwa daftarini. Mie nimesoma takwimu chuo, nikapewa niyaingize kwenye kompyuta: kila mstari mtu, tarehe na kazi aliyofanya.

Aliyekuja mara nyingi ana mistari mingi, kwa hiyo unahesabu majina yasiyojirudia. Kwenye R, programu ya takwimu, ni n_distinct(jina), enter, basi.

Jibu likaja. Katibu wa kamati, braza mwenye haraka, akataka nilipeleke kwa fundi palepale.

Sikuridhika. (Ndivyo nilivyo, hata nyumbani wamechoka na maswali yangu.) Nikapanga data kwa tarehe.

Zainabu Salum, siku moja, mistari miwili: kabeba mchanga, kapika uji wa wajenzi. Siku nyingine tena hivyohivyo. Na majina mengine pia yalikuwa hivyo.

Katibu akasema mwandishi wa zamani alikosea, akamwandika mara mbili.

"Mashine imesema mmoja, mdogo wangu. Unabishana na mashine?"

Nikamwambia mashine inaona herufi tu, haijawahi kumwona Zainabu. Nikaomba nipewe hadi Ijumaa.

Bi Zainabu yupo hai, anakaa kwa mwanawe Buguruni. Nikamfuata, hata yeye nikiwa na shaka naye. Mtu anaweza kupenda jina lake lichongwe mara mbili, si ndiyo? Kwa hiyo baada ya shikamoo sikumtajia kazi yoyote. Nikamuuliza alifanya nini pale.

"Mchanga. Nilikuwa msichana, uji wangu nani angeunywa?"

"Na uji alipika nani?"

"Bibi yangu. Zainabu Salum."

Bibi huyo alimpa mwanawe jina la baba yake mwenyewe, Salum. Salum akapata binti, akampa jina la mama yake. Nyumba moja, herufi zilezile.

Akaniangalia. "Kwani mmemfuta?"

Nikasema bado.

"Usimfute, mwanangu. Kaburi lake lilishajengewa nyumba juu. Jina lake halipo popote."

Nikarudi nikaorodhesha kila jina lenye kazi mbili siku moja, nikafuatilia nyumba kwa nyumba. Mengine kweli yalikuwa ya mtu mmoja, asubuhi maji, jioni tofali. Mengine ya babu na mjukuu. Nikampa kila mtu namba yake, nikahesabu namba badala ya majina. Katibu alinuna, ila mwenyekiti akapitisha.

Siku ya kuchonga fundi akanipigia simu, kwamba kuna mtu nimemrudia, aruke?

Nikamwambia asiruke. Ni watu wawili, chonga wote.

Nilichojifunza: software haikukosea. Mie niliuliza majina wakati nilikuwa natafuta watu. Sasa kabla ya kuondoa duplicates, yaani yaliyojirudia, nauliza kwanza huyu ninayemfuta ni nani.

Nyie kwenye koo zenu majina yanarithiwaje? Na kama kuna njia bora kuliko yangu, nipingeni hapa hapa.